Mzee Mbele ya Kompyuta

(Hotuba ya walimu wa darasa la jioni la kompyuta, iliyosomwa mbele ya Kamati ya Jumuiya na wageni waalikwa, Kambi ya Dzaleka, Malawi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)

Tunaishukuru Kamati kwa kutupa dakika ishirini, ambazo tunajua zimemegwa kutoka kwenye muda wa kwaya. Wanakwaya watusamehe.

Tumeombwa tuzungumzie elimu. Elimu ni shamba kubwa, nasi leo tutalima tuta moja tu. Katika kikao cha mwezi uliopita Kamati ililetewa pendekezo kwamba kuanzia awamu ijayo darasa la kompyuta lipokee watu wenye umri usiozidi miaka 35. Sababu iliyotolewa inaeleweka: mashine ni kumi, walioandika majina ni wengi, na kijana ana miaka mingi mbele yake ya kuitumia elimu hiyo. Uamuzi utatolewa kabla ya mwezi huu kwisha. Sisi walimu wa darasa hilo hatukubaliani na pendekezo hilo, na badala ya kubishana kwa maneno ya jumla tumeona heri tuwasimulie habari za mwanafunzi mmoja. Mwenyewe ameturuhusu. Ameomba jina lake tusilitaje, nasi tutamwita Mzee, kama tunavyomwita darasani.

Kwa wageni ambao leo ni mara yao ya kwanza kufika hapa, tuseme machache kuhusu mahali penyewe. Kambi hii ya wilaya ya Dowa ilifunguliwa mwaka 1994. Kabla ya hapo palikuwa gereza, na wenyeji hulihusisha jina Dzaleka na maneno ya mfungwa anayesema kwa Kichewa kwamba hatarudia tena. Ilipangwa ipokee watu kama 10,000 hivi. Sasa tumepita 50,000. Ni Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na wengineo, na sokoni tunaelewana kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2010 vijana wetu wamepata bahati ya kusoma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti humu humu kambini, na baadhi yao wamehitimu. Tunawapongeza. Darasa letu si hilo. Letu ni chumba kimoja chenye mashine kumi za mezani, saa mbili kila jioni, muda wa miezi mitatu, na shabaha yake ni mtu aweze kuandika barua, kutengeneza orodha, kutuma na kupokea barua pepe. Basi.

Mzee alikuja kujiandikisha mwanzoni mwa mwaka 2022. Alikuwa na miaka 58. Sisi tuliokuwa tukiandika majina tuna miaka thelathini na kitu, yaani tulikuwa tunamwandikisha mtu ambaye angeweza kutuzaa. Kijana mmoja kwenye foleni alimwambia kwa adabu kabisa, "Baba, foleni ya mahindi iko upande ule." Mzee akamjibu, "Mahindi nimekwisha kuchukua, mwanangu." Akabaki pale pale.

Mtu huyu alikuwa karani. Kuanzia mwaka 1986 alifanya kazi katika ofisi ya kolektivite huko Fizi, Kivu ya Kusini, nchi ikiitwa bado Zaire. Kazi yake ilikuwa kupiga barua kwa mashine ya kuandikia. Alifanya kazi hiyo miaka kumi, hadi vita vya mwaka 1996 vilipomvusha Ziwa Tanganyika. Alirudi kwao baadaye, akakimbia tena, na Dzaleka alifika mwaka 2012. Tangu siku alipoiacha ile mashine juu ya meza hakuwahi kugusa kitufe kingine.

Siku ya kwanza tuliwaambia wanafunzi waandike neno lolote wanalolipenda. Vijana wakaanza kuwinda herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Mzee hakuwinda. Alinyoosha mgongo, akaweka vidole vyote kumi juu ya vitufe, akatazama ukuta, akaandika kwa kasi ambayo darasa lile lilikuwa halijaiona. Kisha akashusha macho kwenye kioo. Alikuwa amekusudia kuandika "amani". Kioo kilikuwa kimeandika q, kisha nukta na mkato, kisha q, kisha n na i.

Vijana walicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alijaribu tena, polepole, na matokeo yakawa yale yale. Ndipo akasema, "Wanangu, hii mashine herufi zake zimehamishwa."

Alikuwa amesema kweli tupu. Mmoja wetu alisomea Bujumbura na jambo hili analijua. Mashine za Kongo na Burundi zilifuata mpangilio wa Kifaransa na Kibelgiji, ambapo A inakaa mahali pa Q, Z inakaa mahali pa W, na M inakaa kuume kwa L. Mashine zinazoletwa Malawi zimefuata mpangilio wa Kiingereza. Mtu ambaye hajui chochote hapati taabu, maana yeye anatazama kila kitufe kabla ya kukigusa. Anayetaabika ni fundi, ambaye ujuzi wake umekaa vidoleni wala hauko machoni. Hapo tunawaomba ndugu zetu wanaotunga fomu za kupima wanafunzi wapya watafakari kidogo. Kwa kipimo cha siku ile, mtu aliyekuwa mpiga chapa hodari kuliko wote chumbani, walimu wakiwamo, angepewa alama sifuri.

Kompyuta haina ukaidi wa mashine ya chuma. Katika mipangilio yake mna mahali pa kuchagua kibodi ya Kibelgiji, na ukishachagua, kile kitufe kilichoandikwa Q kinatoa A. Maandishi ya juu ya kitufe yanakuwa ya uongo, lakini Mzee hakuwa akiyatazama. Tulimchagulia, akaandika "amani", ikatoka amani. Kisha akaandika kwa kumbukumbu barua nzima ya ofisi ya zamani: namba ya kumbukumbu, tarehe, anwani, "yah:", kila kitu mahali pake. Vijana wakasimama nyuma yake kumtazama. Hakuna aliyecheka tena, isipokuwa yeye mwenyewe, kidogo.

Jioni iliyofuata ikazuka kesi. Binti aliyekuwa akiitumia mashine ile ile zamu ya asubuhi alikuja akilia kwamba barua pepe yake imefungwa, neno lake la siri linakataliwa. Bila shaka lilikuwa na herufi a ndani yake. Tukawafundisha wote wawili vitufe viwili vya kubonyeza pamoja ili kuhama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine, na kesi ikaisha. Lakini baada ya juma moja Mzee mwenyewe akasema tumrudishie ile ya Kiingereza. Alisema hataweza kutembea na mashine yake kila ofisi atakayokwenda. Akaanza upya kuvifundisha vidole vyake, akiandika ukurasa mzima wa a, q, z, w na m, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilimchukua karibu majuma matatu. Hata leo akichoka, M humtoka kama nukta na mkato.

Chuoni tulipokuwa tukisomea ualimu tulifundishwa kwamba somo linatoka kwenye jambo linalojulikana na kwenda kwenye lisilojulikana. Wakufunzi wetu walilisema hilo kwa ajili ya watoto. Kwa mtu mzima lina uzito zaidi, kwa sababu mtu mzima haji mikono mitupu; anakuja na mzigo, na mzigo huo mara unamsaidia, mara unamkwaza. Mzee, kwa mfano, alikuwa akibonyeza kitufe cha kushuka mstari kila mwisho wa mstari. Kwenye mashine ya zamani kengele ikilia ni lazima urudishe gari, la sivyo unaandika hewani. Kompyuta inashuka yenyewe. Alipoongeza maneno mawili katikati ya aya, mistari yake ikakatika ovyo, mmoja mrefu, mmoja mfupi, akasema imekuwa kama meno yake. Hilo lilirekebishika kwa siku mbili.

Kubwa lilitokea tulipofika kwenye majedwali ya Excel. Tuliwapa wanafunzi zoezi la kweli: kila mmoja aandike kaya kumi na nne za jirani zake na idadi ya watu wa kila kaya, kisha mashine ijumlishe, kana kwamba ni orodha ya kugawia sabuni. Mashine ya Mzee ikatoa jumla ya watu 52. Mzee akachukua kalamu, akajumlisha kwenye karatasi, akapata 83. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, akapata 83. Akatuita. "Walimu," akasema, "mashine yenu imeiba watu 31."

Tulikaa naye tukapitia mstari kwa mstari. Tarakimu nyingine zote zilikuwa zimejipanga upande wa kulia wa chumba chake, isipokuwa tatu zilizokaa kushoto: kumi, kumi, na kumi na moja. Kwa macho zilionekana sawasawa. Lakini mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha tarakimu 1. Karani alitumia herufi ndogo ya l. Nyingine hazikuwa na sifuri; alitumia herufi O. Vidole vya Mzee vilikuwa vimefanya walivyozoea tangu mwaka 1986. Kompyuta ikaona herufi, ikazisukuma kushoto kama inavyofanya kwa maneno yote, na wakati wa kujumlisha ikaziruka bila kumwambia mtu. Jumla ya hizo tatu ni 31.

Mabibi na mabwana, tulilipeleka darasa zima kwenye mashine ile likajionee. Kwa nini? Kwa sababu kati ya wanafunzi kumi wa zamu ile, ni Mzee peke yake aliyejumlisha kwa kalamu. Vijana waliamini kioo. Hao ndio tunaowatarajia kesho wakae mezani kuandika orodha za kambi hii, na kila mmoja wenu aliyewahi kufika mbele ya meza akaambiwa "jina lako halimo" anajua watu 31 walioanguka kwenye orodha maana yake nini. Tangu siku hiyo ni kanuni ya darasa letu: orodha yoyote hujumlishwa mara mbili, mara moja kwa mashine na mara moja kwa kichwa cha mtu. Kanuni hiyo hatukuitoa kwenye kitabu.

Kuna na mengine aliyotufaa. Vijana wetu hawajawahi kufanya kazi ofisini. Ukiwaambia wafungue folda waweke humo faili, kwao ni picha ya kitu cha njano, basi. Mzee alileta kipande cha katoni, akakikunja, akatia karatasi ndani, akaandika kichwa cha habari juu, akakiweka ndani ya katoni nyingine kubwa. Akasema: hili ni jalada, lile ni kabati, na ukiacha karatasi zako zote sakafuni usimlaumu karani. Binti mmoja akauliza zile herufi mbili za c kwenye barua pepe zina maana gani. Mzee akaeleza karatasi ya kaboni, namna inavyowekwa kati ya karatasi mbili, na namna ya kujua ya tatu itasomeka au haitasomeka. Somo hilo lilichukua nusu saa na hatukulikatiza.

Haya, na yale magumu? Hatutawadanganya. Mtu wa miaka 58 hajifunzi kwa mwendo wa mtu wa miaka 19. Mzee alirudia awamu; miezi mitatu haikumtosha. Kipanya, au mausi kama vijana wanavyosema, kilimtesa kuliko kibodi. Mkono ulioshika jembe miaka mingi ni mzito kubonyeza mara mbili upesi bila kusogea. Tulipunguza kasi ya kubonyeza kwenye mipangilio, ikasaidia. Macho nayo. Baada ya miaka arobaini lenzi ya jicho la mtu yeyote huanza kukakamaa, na herufi za karibu huanza kufifia. Tuna wanafunzi ambao tuliambiwa ni wazito wa kuelewa, kumbe hawaoni. Miwani ya kusomea, ile ya kawaida ya sokoni, imewafanya wawili kati yao kuwa wanafunzi wengine kabisa.

Na hofu. Mama mmoja, muuza maandazi, alikaa majuma mawili ameweka mikono mapajani, akiogopa kwamba akigusa vibaya ataiharibu mali ya shirika na watoto wake waje walipishwe. Kijana hana hofu hiyo kwa sababu hajawahi kulipishwa kitu. Tulimpa mama huyo mashine iliyokwisha kufa, tukamwambia aibonyeze anavyotaka, hata aipige. Siku ya tatu akahamia kwenye nzima.

Umeme pia ulitupiga. Mtakumbuka Januari 2022 kimbunga Ana kilibomoa sehemu ya bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, na nchi nzima ikapoteza takriban megawati 130 hadi kituo kiliporudi kazini mwaka 2023. Awamu ya Mzee ilikuwa ndani ya giza hilo. Mashine za mezani hazina betri; umeme ukikatika, ambacho hakijahifadhiwa kimekwenda. Vijana wakapoteza kazi zao mara nyingi, wakalalamika, wakapoteza tena. Mzee alipoteza mara moja. Kuanzia hapo alihifadhi kila baada ya sentensi, na barua muhimu aliiandika kwanza kwa mkono kwenye daftari. Daftari hilo tumeliona. Hatua zote za kompyuta zimo, kwa Kiswahili chake mwenyewe, na pembeni neno la Kiingereza linaloonekana kwenye kioo, na neno la Kifaransa analolijua.

Sasa tufike kwenye sababu iliyomleta. Miezi miwili hakuisema, nasi hatukuuliza.

Ninyi nyote mnajua jinsi barua zinavyoandikwa kambini. Mtu mzima ana shida ya faili lake, au anataka kueleza yaliyompata. Anakwenda kwenye kibanda chenye kompyuta, analipa, anakaa kwenye benchi, na kijana anaandika anayoyasikia. Vijana hao hatuwalaumu. Wanafanya kazi ya halali, na baadhi yao walipita mikononi mwetu. Lakini benchi ni refu, na anayesubiri nyuma ana masikio. Kijana naye ana haraka. Tumeshika barua ambazo mwaka wa kuuawa kwa mtu umekosewa, kijiji kimeandikwa kingine, mtoto wa kwanza amekuwa wa tatu. Wengi wetu tayari tuna tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari tuliyopewa mezani kwa kuwa hatukujua yetu. Barua ya pili ikipingana na ya kwanza, mtu anaonekana ni mwongo, wakati mwongo ni kidole cha kijana.

Na kuna mambo ambayo mzazi hawezi kuyatamka mbele ya kijana wa rika la mwanawe wa mwisho ili ayapige chapa. Hatutayataja hapa. Wenye kuyabeba mmo humu uwanjani.

Mzee alikuwa na barua ya namna hiyo. Ilimkaa tangu mwaka 2012. Mara mbili alikwenda kwenye kibanda, na mara mbili alipofika mahali fulani katika maelezo akaomba aandikiwe kwamba "mambo mengine nitayasema baadaye". Hayakusemwa. Katika karatasi zake palibaki tundu, na kila aliyehoji aliliona tundu hilo.

Jioni moja alituomba tugeuze mashine yake, kioo kielekee ukutani. Tukaigeuza. Akaandika jioni nne. Vijana walijua bila kuambiwa. Hakuna aliyepita nyuma yake. Jioni ya nne umeme ulikatika, na tulishika pumzi, lakini alikuwa amehifadhi. Umeme uliporudi akachapisha kurasa tano, akazihesabu, akazikunja, akatia ndani ya daftari. Kisha akatuomba tumwonyeshe namna ya kufuta lile faili kwenye mashine lisibaki hata kwenye pipa la taka. Tukamwonyesha. Sisi walimu hatukusoma hata mstari mmoja na hatujui kilichoandikwa. Tunajua tu kwamba barua ilipelekwa na mwenyewe, kwa mkono wake.

Wengine watasema: na imemsaidia nini? Swali ni la haki. Mzee alikuwa kwenye mpango wa kuhamishiwa Marekani, na Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, safari yake ilisimama pamoja na za wengine wengi hapa. Mmekaa nao, mnawajua. Baada ya hapo wanafunzi kadhaa wa umri mkubwa waliacha darasa, wakisema kompyuta ilikuwa ya Marekani na Marekani imefungwa.

Hapa lazima tuseme jambo kuhusu ndugu zetu waliotangulia kwenda huko. Kule kuna vyuo vinavyoitwa vyuo vya jamii, karibu 1,000 nchi nzima. Cha zamani zaidi kati ya vile vya serikali, kile cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Havibagui umri. Mdogo wake Mzee, mwenye miaka 52, anasoma kwenye kimojawapo jioni baada ya kutoka kiwandani. Ameandika kwamba anakaa kiti kimoja na watoto wa miaka 18 na hakuna anayemshangaa. Kinachomshinda ni kingine: maombi ya kujiunga ni kwa kompyuta, ratiba ni kwa kompyuta, kazi za nyumbani hutumwa kwa kompyuta kabla ya saa sita usiku, na mwalimu hapokei karatasi. Somo lenyewe analiweza, alikuwa mwalimu wa hesabu. Muhula wa kwanza aliupoteza kwa sababu ya mlango, hakuupoteza kwa sababu ya nyumba. Alisema laiti angeligusa kipanya hapa Dzaleka angalau miezi mitatu. Jambo la kuchekesha ni kwamba sasa ni kaka yake, aliyebaki kambini, anayemwelekeza kwa simu mahali pa kubonyeza.

Basi, Mzee hakuacha. Kila Alhamisi mchana, chumba kikiwa hakina darasa, anakaa kwenye mashine ile ile iliyogeuziwa ukutani, na wazee wenzake na akina mama wanakuja mmoja mmoja kuandikiwa barua. Mlango unafungwa. Hatozi kitu, anayetaka huleta sukari. Anawasomea walichosema kabla ya kuchapisha, na tarehe anaziuliza mara mbili. Kwa hesabu ya daftari lake, tangu mwezi Machi ameandika barua 64. Kama pendekezo la miaka 35 lingekuwapo mwaka 2022, barua hizo zingeandikwa kwenye benchi, au zisingeandikwa.

Hivyo basi tunaiomba Kamati ilikatae pendekezo hilo. Tunajua mashine ni kumi. Tunajua tangu mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, orodha ya wanaosubiri imerefuka, na fedha za mashirika mwaka 2025 zimepungua. Tumepiga hesabu: mashine tatu kati ya kumi zitengwe kwa wenye miaka 45 na kuendelea, na hao wapewe miezi mitano badala ya mitatu. Vijana watapoteza nafasi chache kwa mwaka, na hilo ni jambo la kweli ambalo hatulifichi. Kijana atakayerudishwa ana haki ya kununa. Kwa upande wa mashirika ombi letu ni dogo: miwani ya kusomea ya nguvu mbalimbali, sanduku moja tu, na fomu za maombi ziletwe kwa Kiswahili pia, kwa herufi kubwa. Aidha, chumba cha Alhamisi kiendelee kufungwa mlango, hata mgeni anapotaka kupiga picha.

Uandikishaji wa awamu ijayo utafunguliwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, kwenye mlango wa chumba cha kompyuta. Bado tunaandika umri wowote hadi Kamati itakapoamua. Mwenye miwani aje nayo, asiye nayo aje hivyo hivyo. Asiyejua kusoma naye aje, tutamwelekeza kwenye darasa la kisomo lililo jirani. Mzee atakuwepo mezani pamoja nasi siku hiyo, yeye ndiye atakayeandika majina, na atayajumlisha mara mbili.

Kwaya, karibuni.